Altrasaundi na joto dhidi ya mishipa ya damu ya uvimbe wa titi: ni tiba gani hasa?

Mwanahamisi_Moro

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba kueleweshwa jambo ambalo limezua mjadala katika familia yetu. Shangazi yangu amegundulika kuwa na saratani ya titi, na madaktari wamempangia tibakemikali kwanza, kisha upasuaji, kisha mionzi. Tukiwa katika maandalizi, binamu yangu anayeishi Canada akatutumia habari kuhusu watafiti wa Toronto wanaotumia altrasaundi kushambulia mishipa ya damu inayolisha uvimbe wa titi, na akaongeza kwamba joto nalo hutumika katika tiba hiyo. Tangu siku ile baadhi ya wazee wanasema shangazi asubiri, kwa kuwa kama sauti inaweza kuichoma mizizi ya uvimbe, hakuna sababu ya mtu kukatwa titi.

Altrasaundi ninayoifahamu mimi ni ile ya kumwangalia mtoto tumboni, ambayo haimuunguzi mama wala mtoto. Inakuwaje kifaa cha namna hiyo kiue mshipa wa damu? Halafu, kwa nini walenge mishipa badala ya seli za saratani zenyewe? Na jambo linalonisumbua zaidi ni hili: mishipa ikishakufa, dawa za tibakemikali, ambazo husafiri kwa njia ya damu, zitaufikiaje uvimbe?

Fizikia_ya_Tiba

Dada Mwanahamisi, pole sana kwa mtihani uliowafika, na tunamwombea shangazi afya njema. Mimi ni mwanafizikia wa tiba na kazi yangu ni kupanga dozi za mionzi, kwa hiyo nitaeleza upande wa vifaa na kuwaachia madaktari upande wa mgonjwa.

Mkanganyiko wenu unatokana na kwamba habari za aina hiyo hukusanya chini ya jina moja mambo matatu ambayo hayafanani, ingawa yote yanaweza kufanywa kwa mawimbi ya sauti: kuna kuunguza, kuna kupasha, na kuna kutikisa viputo.

Katika kuunguza, mawimbi yenye nguvu hutoka kwenye kifaa kipana kilichopinda na kukutana mahali padogo penye upana wa milimita chache ndani ya mwili, na hapo joto hupanda na kuvuka nyuzi 55 au 60 za Selsiasi, huku ngozi yanakopitia ikibaki salama iwapo kazi imefanywa kwa uangalifu. Kuna kanuni iliyowekwa na Sapareto na Dewey mwaka 1984 ambayo mpaka leo ndiyo kipimo chetu: kila joto linapozidi nyuzi 43 kwa nyuzi moja, muda unaohitajika kupata madhara yale yale hupungua kwa nusu. Kiwango kinachotajwa sana cha kuua tishu ni dakika 240 kwenye nyuzi 43. Ukipiga hesabu utaona kwamba kwenye nyuzi 53 zinatosha sekunde 14 hivi, na kwenye nyuzi 56 haziishi hata sekunde mbili. Njia hii ilijaribiwa kwa saratani ya titi huko Chongqing, China, na Feng Wu na wenzake, ambao mwaka 2003 walichapisha matokeo ya wanawake 48: wanawake 25 waliondolewa titi moja kwa moja, na 23 waliunguzwa uvimbe kwanza kisha wakaondolewa titi, ili tishu zichunguzwe kwenye maabara. Zilipochunguzwa, seli za uvimbe zilikuwa zimekufa na mishipa yake ya damu imeharibika vibaya. Waambie wazee kwamba hata hao waliounguzwa walifanyiwa upasuaji vilevile.

Kupasha ni jambo la upole zaidi. Uvimbe huwekwa kwenye joto la nyuzi 40 hadi 43 kwa muda unaokaribia saa moja, mara nyingi kwa kushirikiana na mionzi. Hapa ndipo mishipa ya damu inapoanza kuwa na maana kubwa. Tishu yenye afya ikipata joto hufungua mishipa yake, damu hupita kwa wingi na kuliondoa joto hilo. Mishipa ya uvimbe imejengwa kwa haraka, imejipinda, inavuja, na mingi haina misuli ya kuifungua na kuifunga, kwa hiyo haina uwezo wa kuongeza mtiririko kama inavyotakiwa. Joto hunasa ndani ya uvimbe wakati tishu ya jirani inajipoza yenyewe, na likiendelea kupanda, damu katika mishipa ile dhaifu husimama kabisa.

Kutikisa viputo ndiko wanakokufanya Toronto, katika hospitali ya Sunnybrook, chini ya Gregory Czarnota. Mgonjwa huchomwa kwenye mshipa maji yenye viputo vya gesi nzito vilivyofunikwa kwa utando wa mafuta au protini, vyenye kipenyo cha kati ya mikromita 1 na 10, yaani ukubwa usiopishana sana na wa chembe nyekundu ya damu. Viputo hivi si vigeni, kwani madaktari wa moyo huvitumia kila siku ili picha ya altrasaundi ionekane vizuri. Kwa sababu ya ukubwa wao havitoki nje ya mshipa. Mawimbi ya sauti yanapoelekezwa kwenye uvimbe, kila kiputo hutanuka na kusinyaa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, vingine hupasuka, na ukuta wa ndani wa mshipa ndio unaopokea misukosuko yote. Mahali ambapo mawimbi hayajaelekezwa, viputo hupita kimya na gesi yake hutolewa kwa pumzi.

Swali lako la kwanza lilikuwa zuri kuliko ulivyodhani. Katika jaribio lao la titi walitumia mawimbi ya kilohezi 800 yenye shinikizo hasi la kilopaskali 570. Sisi hupima uwezo wa altrasaundi kuleta madhara ya kimakanika kwa kugawanya shinikizo hilo, likiwa katika megapaskali, kwa kipeuo cha pili cha masafa yaliyo katika megahezi. Hapa inatoka 0.64 hivi, wakati mashine za kawaida za kupimia zinaruhusiwa nchini Marekani kufika 1.9. Kwa maneno mengine, katika njia ya Toronto sauti yenyewe haiunguzi kitu. Nguvu inatoka kwenye viputo, na bila viputo mgonjwa angelala pale na kuondoka kama alivyokuja.

Dk_Saratani_Dar

Nimshukuru mwanafizikia kwa kutenganisha mambo hayo, kwa kuwa hata sisi madaktari tunapoulizwa na wagonjwa huwa tunayajibu kwa pamoja. Dada Mwanahamisi, nianze na lililo la haraka: shangazi asisubiri. Hakuna hata moja kati ya njia hizo tatu iliyoonyesha kwamba inaweza kuchukua nafasi ya mpango aliopewa. Kwetu huku wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele, na kila mwezi unaopotea kwa kusubiri habari ya mtandaoni ni mwezi ambao uvimbe unautumia. Kuanza na tibakemikali kabla ya upasuaji kuna faida ambayo wazee huenda hawajaelezwa: uvimbe ukisinyaa vya kutosha, baadhi ya wagonjwa huweza kufanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu tu ya titi. Muulizeni daktari wake kama yeye ni mmoja wao.

Kuhusu Toronto, matokeo ya awamu ya kwanza yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la PLoS Medicine, na ni vyema uyafahamu yalivyo. Waliandikishwa wanawake 21 kati ya Agosti 2020 na Novemba 2022. Watatu wakajitoa, wakabaki 18 wenye uvimbe 20. Wote walikuwa wakipata mionzi kama kawaida, na viputo viliongezwa mara mbili au tatu tu katika kipindi chote cha matibabu, wakiwa ndani ya mashine ya MRI, yaani ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, iliyounganishwa na kifaa cha altrasaundi. Baada ya miezi mitatu ilipimwa uvimbe 18: tisa ulitoweka kabisa, sita ulipungua, miwili haikubadilika na mmoja uliendelea kukua. Madhara yaliyoonekana zaidi yalikuwa ngozi kuungua kwa mionzi, mengi yakiwa madogo, na mgonjwa mmoja alipata mzio mdogo ambao huenda ulitokana na viputo.

Namba hizo zinavutia, nami sitaki kuzidharau. Hata hivyo, hapakuwa na kundi la kulinganisha, dozi za mionzi, ambazo hupimwa kwa kizio kiitwacho grei, zilitofautiana kutoka grei 20 kwa vipindi vitano hadi grei 66 kwa vipindi 33, na ukubwa wa uvimbe ulitofautiana vilevile. Mionzi peke yake hutoweshea baadhi ya wagonjwa uvimbe. Jaribio la awamu ya kwanza huuliza kama tiba ni salama, na swali hilo limejibiwa vizuri. Kama viputo vimeongeza chochote juu ya mionzi ni swali la jaribio lenye makundi mawili.

Upande wa joto ndio wenye ushahidi mzito zaidi, ingawa watu hawauzungumzii kwa sababu si habari mpya. Mwaka 1996 Vernon na wenzake waliunganisha majaribio matano ya saratani ya titi yenye wagonjwa 306. Waliopata mionzi pekee, uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 41; waliopata mionzi pamoja na joto, asilimia 59. Faida kubwa zaidi ilikuwa kwa wale ambao saratani ilirudi mahali palipokwisha kupigwa mionzi zamani, ambapo daktari hawezi tena kutoa dozi kubwa. Katika maisha ya mgonjwa kwa jumla, yaani miaka ya kuishi, tofauti haikuonekana. Na mara nyingi joto hilo lilitolewa kwa mawimbi ya mikrowevu, wala si kwa altrasaundi.

Mwanabiolojia_K

Ningependa kujibu swali la kwa nini mishipa, maana ndilo kiini cha jambo hili, na pia ndipo penye ubishi ambao habari za magazeti huufunika.

Wazo la kwamba uvimbe hauwezi kukua bila kujitengenezea mishipa lilielezwa na Judah Folkman mwaka 1971, na tangu hapo mshipa umekuwa shabaha inayotamanisha kwa hesabu rahisi: seli chache za ukuta wa mshipa zikifa, seli nyingi mno za saratani zilizokuwa zikitegemea mshipa huo hukosa oksijeni na chakula. Tena seli za ukuta huo ni za mwili wenyewe, hazibadiliki tabia ovyo kama za saratani.

Mwaka 2003 kundi la Zvi Fuks na Richard Kolesnick, wa Memorial Sloan Kettering huko New York, lilichapisha utafiti wa panya uliodai kwamba dozi kubwa ya mionzi inayotolewa mara moja, inayozidi grei 8 hadi 10, huua uvimbe kwa kiasi kikubwa kwa sababu inaua kwanza seli za mishipa. Seli hizo zina kwa wingi kimeng'enya kiitwacho sfingomielinesi, ambacho zikishtuliwa hukata mafuta ya utando wake na kutoa seramaidi, na seramaidi huiamuru seli ijiue. Tatizo ni kwamba mionzi ya kawaida hutolewa kwa grei 2 kila siku, na dozi hiyo haitoshi kuwasha njia hiyo. Hapo ndipo Czarnota na wenzake walipoingia: je, mtikisiko wa viputo unaweza kuitoa seramaidi hiyo kwa njia ya kimakanika, ili grei 2 zifanye kazi ya dozi kubwa? Mwaka 2012 walionyesha kwa panya kwamba viputo pamoja na mionzi viliua seli za uvimbe zaidi ya mara kumi kuliko kimoja peke yake. Wengi husahau kutaja kwamba uvimbe ule ulikuwa wa saratani ya tezi dume. Baadaye kundi hilo hilo liliunganisha viputo na joto la nyuzi 43, na nadhani hapo ndipo binamu yako alipoipata habari ya joto. Kazi hiyo nayo ni ya panya.

Ubishi ni huu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, wakiongozwa na David Kirsch, walitengeneza panya ambao seli za mishipa yao zilikuwa nyepesi zaidi kuuawa na mionzi, kisha wakaona kwamba kutokomezwa kwa sarkoma, yaani saratani ya tishu kama misuli, hakukuongezeka. Ilipofanywa seli ya saratani yenyewe kuwa nyepesi, hapo uvimbe ulitokomea kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mtu anayesema kama jambo lililokwisha kuthibitishwa kwamba mionzi huua uvimbe kupitia mishipa anaruka mjadala ambao bado unaendelea. Mimi binafsi naona njia ya viputo inaweza kufanya kazi hata kama maelezo ya seramaidi yatapungua nguvu, kwa sababu mshipa uliopasuka umepasuka.

Mwanahamisi_Moro

Nawashukuru sana, hasa daktari kwa kusema waziwazi. Nimewasomea wazee jibu lake na shangazi ataanza dawa kama alivyopangiwa. Lakini swali la damu na dawa halijajibiwa, na sasa Mwanabiolojia ameniongezea lingine. Nimewahi kusikia kwamba mionzi huhitaji oksijeni ili ifanye kazi vizuri. Kama mshipa umekufa, oksijeni itatoka wapi?

Fizikia_ya_Tiba

Umegusa mahali ambapo hata wataalamu huwa wanavutana. Ni kweli kwamba seli isiyo na oksijeni huhitaji dozi ya mionzi inayokaribia mara mbili na nusu au tatu ya ile inayoua seli yenye oksijeni ya kutosha. Kwa hiyo mtu akifunga mishipa leo na kupiga mionzi wiki ijayo, anaweza kuwa ameulinda uvimbe kwa mikono yake mwenyewe. Jibu liko kwenye mpangilio wa muda na kiwango. Katika njia ya viputo, mionzi hufuata muda mfupi baada ya mtikisiko, kabla mtiririko wa damu haujaporomoka; kuporomoka kwenyewe huonekana zaidi katika saa zinazofuata, hadi siku ya pili.

Joto lina tabia ya pande mbili. Likiwa la wastani, karibu nyuzi 40 hadi 42, huongeza damu na oksijeni ndani ya uvimbe kwa muda, na pia hufanya kuta za mishipa zivuje zaidi, jambo ambalo kwa dawa ni neema. Likipita hapo na kudumu, ndipo mishipa hufunga. Kwa hiyo wanaotaka kupeleka dawa hupasha kwa upole, na wanaotaka kuua uvimbe kwa moto hupandisha joto mpaka mwisho, na ni kosa kuwachukulia kama watu wa shule moja.

Mfano mzuri kwa titi uko Utrecht, Uholanzi, ambako katika utafiti uitwao i-GO altrasaundi iliyoongozwa na MRI hutumika kupasha uvimbe wa titi kwa wanawake ambao saratani yao imeshasambaa. Hupewa dawa ya doksorubisini iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta ambavyo hubaki vimefunga katika joto la kawaida la mwili na kufunguka vinapofika kwenye nyuzi 40 hivi na zaidi. Dawa humwagika ndani ya mishipa ya uvimbe uliopashwa, kisha hupenya kwenye tishu. Hapo mshipa ni mlango wa kupitishia dawa, na anayetibu anautaka uwe hai na wazi. Nisifiche kwamba dawa hiyo hiyo ilipojaribiwa kwa saratani ya ini, ikisaidiwa na joto la sindano ya mawimbi ya redio, mwaka 2013 ilitangazwa kuwa haikufikia lengo kuu la jaribio lenye wagonjwa zaidi ya 700. Wapo wanaosema muda wa kupasha haukuwa wa kutosha kwa wagonjwa wengi, na ndiyo sababu wa Utrecht wanatafuta joto linalokaa kwa muda mrefu zaidi na kupimwa kwa MRI wakati wote.

Dk_Saratani_Dar

Niongeze jambo dogo la kitabibu. Titi lina faida na shida zake kwa mashine hizi. Liko karibu na ngozi, kwa hiyo mawimbi hayasafiri mbali, lakini nyuma yake kuna mbavu zinazonyonya sauti na kupata moto, na mapafu yenye hewa inayoirudisha sauti ilikotoka. Uvimbe ulio karibu sana na ngozi au na mbavu mara nyingi hukataliwa katika majaribio ya kuunguza. Mgonjwa pia anapumua, na titi husogea. Haya yote hutatuliwa, ila yanahitaji chumba cha MRI kwa muda mrefu kwa mgonjwa mmoja, na anayejua foleni za MRI katika hospitali zetu ataelewa kwa nini sitarajii kuiona tiba hii hapa karibuni. Mionzi yenyewe shangazi ataipata nchini, Ocean Road au Bugando, na hiyo ndiyo anayoihitaji.

Mwanahamisi_Moro

Ahsanteni sana. La mwisho, na mnisamehe kama ni la kitoto: jirani yetu ana kifaa cha altrasaundi cha tiba ya viungo alichonunua kwa ajili ya goti. Ameshauri tumwekee shangazi kwenye titi, angalau kwa joto tu.

Fizikia_ya_Tiba

Hapana, Dada Mwanahamisi, msifanye hivyo. Vifaa vile vya megahezi 1 au 3 havina njia ya kulenga kina, wala ya kupima joto lililofika kwenye uvimbe, na wataalamu wa tiba ya viungo wenyewe hufundishwa kutokiweka kamwe juu ya mahali penye saratani. Huko Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Andrew Wood na Chandra Sehgal walitumia altrasaundi ya nguvu za namna hiyo kwa uvimbe wa panya pamoja na viputo na kuona mishipa inaharibika, na huenda taarifa kama hiyo ndiyo iliyomfikia jirani. Wao walikuwa wakipima mtiririko wa damu kabla na baada ya kila kipindi, na panya wao hawakuwa na tibakemikali ya kuanza wiki ijayo. Kama shangazi ana maumivu ya bega au ya mkono, amwambie daktari wake kabla ya mtu yeyote kumgusa kwa kifaa hicho, hata mbali na titi.